Ubao Usiojua Jumapili

Pale kiwandani hakuna mwanamke aliyejua tarehe. Si kwamba hawakusoma. Tarehe ilikuwa haina kazi. Juu ya mlango wa stoo kulipigiliwa ubao mweusi, na kila asubuhi karani alipanda kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi akaandika kwa chaki jina la oda na siku yake: Oda ya Hoteli, Siku ya 6. Basi maisha yote yalipangwa humo. Ukimuuliza mwanamke wa pale mwanawe alizaliwa lini, hakutajii mwezi. Anakwambia, "Huyu nilimpata oda ya zimamoto, siku za mwanzomwanzo, maana vifungo vya shaba vilikuwa bado havijaja."

Ubao ule ulikuwa na dini yake, na mtume wa dini hiyo alikuwa meneja. Jumapili haikuandikwa. Sikukuu haikuandikwa. Umeme ukikatika, namba haikusogea, kwa sababu, kama alivyopenda kuhubiri akiwa amepachika vidole gumba kwenye mkanda, "siku isiyotoa suruali si siku." Mteja akilalamika amecheleweshwa, anaoneshwa ubao. Ubao haukuwahi kuchelewa hata mara moja.

Chini ya ubao huo, mashine ya tatu kutoka dirishani, aliketi Mama Zipu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa limeliwa na panya upande mmoja, kwa hiyo tumwite kama walivyomwita. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mikono myepesi, na sauti ya kukwaruza iliyotokana na vumbi la pamba. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa moja tu, kutia zipu kwenye suruali. Walinzi, wapishi, mafundi wa simu, madereva wa taka, wote walitembea mjini wamefungwa na mkono wake. Wenzake walimtania kwamba hakuna malaya duniani aliyeshughulika na zipu za wanaume wengi kiasi hicho na bado akarudi nyumbani na heshima zake. Alicheka. Enzi hizo alikuwa anacheka.

Alikuwa na watoto wawili, na wa pili alikuwa kitindamimba kwa amri ya daktari. Kuzaliwa kwake kulikuwa vita. Presha ilipanda, akavimba uso hadi mama yake mzazi akapita kitandani bila kumtambua, kisha kikamshika kifafa cha mimba na akakaa siku tatu hajui kama yuko huku au kule. Alipozinduka, daktari alivuta kiti karibu, jambo ambalo madaktari hawalifanyi bila sababu, akamwambia, "Mama, usirudi hapa. Nakuomba. Safari nyingine sijui kama nitakutoa."

Vidonge vya kila siku vya kuzuia mimba alikatazwa kwa ajili ya hiyo presha. Kitanzi aliambiwa aende akawekewe, naye akasema ataenda oda ikiisha. Tatizo la kiwanda ni kwamba oda ikiisha inaanza nyingine. Miaka saba ikapita hivyo. Katikati ya uhai wake na kaburi kulikuwa na vitu viwili: pakiti ya kondomu kwenye droo ya mumewe, na Bi Tepu.

Bi Tepu alikuwa mkaguzi. Tepu ya kupimia ilining'inia shingoni mwake mchana kutwa, na wapo walioapa kwamba huoga nayo. Miaka mingi nyuma alipelekwa semina ya afya ya siku mbili, akarudi na mkoba wa turubai, kalamu tatu, na elimu ya siku salama, ambayo aliiandika kwa rangi ya mafuta ukutani, chini kabisa ya ubao, ili isifutike: 1–7 sawa. 8–19 hatari. 20 na kuendelea, jiachie. Siku ya kwanza ni siku damu inapoanza. Semina ilikuwa imeeleza pia kwamba hesabu hiyo ni ya mwanamke ambaye mzunguko wake hauyumbi, na kwamba hata kwake haifuti hatari bali huipunguza. Bahati mbaya maneno hayo yalisemwa wakati chakula cha mchana kinapakuliwa.

Kwa hiyo wanawake kumi na tisa waliishi kwa namba mbili, ya ukutani na ya ubaoni. Damu ikianza, unaangalia ubao, unakumbuka: mimi nimeanza siku ya nne ya oda ya hoteli. Baada ya hapo unajumlisha kwa ubao. Bi Tepu mwenyewe aliisimamia hesabu hiyo kwa bidii kubwa, yeye ambaye damu yake ilikuwa imestaafu zamani na mumewe amekufa.

*

Oda ya walinzi ilianza Jumatatu. Kampuni ya ulinzi ilileta marobota ya kitambaa cha bluu nzito, suruali mia sita, ziwe tayari kwa siku kumi na tano. Asubuhi hiyohiyo Mama Zipu alianza kuona siku zake. Akainua macho: Oda ya Walinzi, Siku ya 1. Kichwa hakikuhitaji hata kujumlisha. "Ubao na mimi tumeanza pamoja," alimwambia msichana wa mashine ya jirani, mshona mifuko, ambaye kila mtu alimwita Mifuko.

"Mtafika pamoja pia, dada," Mifuko akajibu.

Jumatano transfoma ya mtaa ikapasuka kwa mlio uliowaangusha njiwa kwenye bati. Meneja hakuwaruhusu kwenda nyumbani. Aliwaketisha wapunguze nyuzi kwenye mashati ya zamani kwa mkasi, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, na Jumatatu tena. Ubao ulisimama kwenye Siku ya 2. Siku zenyewe zilifanana kiasi kwamba hata wewe usingeapa zilikuwa ngapi. Jumanne umeme ukarudi, karani akapanda kwenye kiti chake cha mguu mfupi, akaandika Siku ya 3, na dunia ikaendelea kana kwamba ilikuwa imefumba jicho tu.

Mumewe, fundi wa majokofu waliyemwita Fundi Baridi, alikuwa safarini wiki zote hizo mbili, akifunga chumba cha kugandishia nyama katika mji mwingine. Alirudi Jumamosi jioni, ubao ukisema 7. Jumapili watoto walikwenda kwa shangazi yao. Saa tisa alasiri, pazia likiwa limeshushwa na feni ikikwaruza kama kawaida yake, Fundi Baridi alivuta droo, akatazama ndani, akaisukuma.

"Pakiti ni kama tupu," alisema.

"Uliimaliza na nani huko kwenye nyama?"

"Na ng'ombe. Niliiacha na moja, mama watoto, na hiyo moja imekwisha muda wake." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Niende dukani?"

Duka lilikuwa mwendo wa dakika sita. Lazima niseme hilo, kwa kuwa Mama Zipu mwenyewe alilisema baadaye mara nyingi sana, akiwa peke yake, mbele ya karai la vyombo. Dakika sita kwenda, sita kurudi.

Alifikiri kidogo. Damu ilikuwa imekatika zamani, lakini mwili hauna karani. Ubao ulisema saba jana, na leo Jumapili, haina namba, basi ni saba bado. Ukuta unasema saba ni sawa.

"Acha," alimwambia. "Leo niko salama. Njoo."

*

Ijumaa iliyofuata, saa sita na nusu mchana, Mkuu wa Walinzi aliingia kiwandani bila kugonga. Alikuwa mtu mnene mwenye buti zilizong'arishwa, na alitaka suruali zake.

Meneja akamwonesha ubao. "Mkuu, mkataba ni siku kumi na tano. Leo ni ya kumi na mbili."

"Ya kumi na mbili kwa kalenda ya wapi?"

"Ya kiwanda."

Mkuu wa Walinzi akatoa simu, akaigeuza ili meneja aone. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililofanya asikike vizuri. "Nilileta kitambaa Jumatatu. Leo Ijumaa, wiki mbili baadaye na zaidi. Ni siku ya kumi na tisa. Transfoma ndiyo iliyokufa, bwana. Siku hazikufa. Jumapili nayo mimi nimeila, nimeilala, nimeamka nayo. Wewe umeipeleka wapi?"

Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Meneja alidhani wanamsikiliza yeye akidhalilishwa. Hakuna aliyekuwa na habari naye. Wanawake kumi na tisa waliinamisha vichwa, midomo ikicheza bila sauti, na vidole chini ya meza vikahesabu. Mmoja alifika mwisho akashusha pumzi. Mmoja akarudia. Bi Tepu peke yake hakuhesabu. Alishika ncha mbili za tepu yake kama mtu aliyeshika reli za daraja.

Mama Zipu alihesabu mara moja tu. Jumapili ile haikuwa saba. Ilikuwa kumi na nne.

Alimwinamia Bi Tepu kwenye meza ya ukaguzi, wakaongea huku wakijifanya wanatazama mshono.

"Hukutumia kitu?"

"Nilitumia ukuta wako."

Bi Tepu akageuza mshono upande wa pili. "Kuna vidonge, lakini vile ni vya asubuhi yake. Asubuhi yake ilishapita. Ruka. Ruka mara mia, halafu ujioshe na maji ya ndimu."

Nenda kwa mtaalamu akwambie uruke kamba. Hata hivyo alikwenda chooni na kuruka, siku tano baada ya tendo, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Alipofika kumi na mbili akaona uso wake kwenye kipande cha kioo juu ya bomba, akaacha. Alipotoka, Mifuko alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Kuruka hakushushi kitu, dada. Wala ndimu, itakuunguza bure. Binamu yangu aliambiwa kliniki kwamba kuna dawa hadi siku tano. Siyo asubuhi tu. Siku tano."

"Ni Jumapili saa tisa."

Mifuko alihesabu kwa vidole, safari hii akianza na Jumapili. "Basi una hadi leo saa tisa."

Saa kubwa ya ukutani ilisema saa saba na robo.

Simu zote zilikuwa kwenye beseni ofisini, zinakusanywa kila asubuhi watu wasichezechezee kazini. Akaenda kwa meneja, ambaye jasho la aibu lilikuwa halijamkauka.

"Naomba ruhusa. Tumbo linanisumbua."

"Lina nini?"

Ndipo hapo alipokwama. Angemwambia nini yule baba? Kwamba ubao wake umemtia mimba?

"Linauma tu."

"Litauma baada ya suruali ya mwisho. Hatoki mtu. Umebakiza zipu ngapi?"

"Arobaini."

"Basi tumbo lina zipu arobaini."

Alikwenda getini. Mlinzi alikuwa mfanyakazi wa kampuni ileile ya ulinzi, amevaa suruali ya bluu ya oda ya mwaka juzi, na zipu iliyokuwa mbele ya macho ya Mama Zipu aliitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

"Nifungulie, kaka. Nakwenda na kurudi."

"Mama Zipu, mimi hapa ni komeo tu. Mkuu wangu yuko ndani, amekaa kwenye kiti, anasubiri suruali. Nikikutoa wewe, naingia mimi kwenye matatizo."

"Nikifa utakuja kunizika na suruali hiyo?"

Mlinzi alicheka, akidhani ni utani wao wa kila siku.

Akarudi, akashona. Watu wa pale bado husimulia jinsi alivyoshona siku ile. Mguu haukuacha kanyagio. Alitia zipu ishirini kabla ya saa nane na nusu, na Mifuko akampunguzia kazi kwa kumbandikia pini. Alibakiza tisa saa nane na dakika hamsini. Bi Tepu akarudisha tatu kati ya zilizokwisha. Zilikuwa zimepinda, kweli zilikuwa zimepinda, na Bi Tepu katika maisha yake yote hakuwahi kupitisha mshono uliopinda. Alizileta mwenyewe, hakumtazama usoni.

"Fumua," alinong'ona. "Mkuu ataziona."

Saa tisa ikapita wakati anafumua ya pili. Aliiona inapita. Mshale haukutikisika hata kidogo.

Geti lilifunguliwa saa kumi na dakika ishirini.

*

Famasi ilikuwa na kaunta ya kioo na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo. Nyuma ya kaunta alisimama dada mwenye miwani, na nyuma ya Mama Zipu kulikuwa na mzee mwenye kikohozi, aliyesogea karibu ili asipitwe na neno.

"Nataka ile dawa ya… ya kuchelewa."

"Kuchelewa kulala au kuchelewa nini?"

"Ya dharura."

Yule dada akaelewa, akamwita pembeni, kikohozi kikabaki nyuma. Akamuuliza lini, saa ngapi, siku ya ngapi tangu damu ianze, na kama ana ugonjwa wowote. Mama Zipu akajibu yote, na safari hii Jumapili zote alizihesabu.

"Nitakwambia kweli, dada yangu, nisikuuzie matumaini. Vya siku tatu ninavyo. Nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyokwenda, na wewe umepita hata ya tano. Vya siku tano vimekwisha tangu mwezi jana. Kitanzi kingekufaa kuliko vyote, lakini kinawekwa kliniki ndani ya hizo siku tano, na kliniki imefunga saa kumi hadi Jumatatu."

"Jumatatu?"

"Jumatatu itakuwa ya nane."

"Lakini ilikuwa mara moja tu. Baada ya wiki mbili za upweke."

"Mara moja inatosha. Sikiliza. Mbegu ya mwanamume inaweza kukaa tumboni hai hadi siku tano, inasubiri. Yai lenyewe halidumu zaidi ya siku moja. Kwa wengi hutoka katikatikati, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita, na linaweza kuwahi au kuchelewa bila kukuaga. Wewe uliingia katikati kabisa. Siku isiyo na hatari hata chembe haipo, zipo za hatari kubwa na za hatari ndogo. Nani alikwambia saba ni sawa?"

"Ubao."

Yule dada hakuuliza ubao gani. Huenda alishakutana na mengi.

Alinunua vidonge hivyohivyo, akavimeza palepale kwa kikombe cha maji. Dada akampa na kipimo. "Kipime wiki tatu tangu ile Jumapili. Ukipima kesho kitakwambia hapana, na hiyo hapana haina maana yoyote. Na hiyo presha yako, usisubiri kuvimba. Uende."

Mzee wa kikohozi akasogea kwenye kaunta. Alimtazama Mama Zipu kwa huruma kubwa, akamwambia ajaribu tangawizi.

*

Wiki tatu. Kiwanda kiliingia oda ya shule, kaptula za kahawia, zipu fupi. Ubao ulikwenda mwendo wake. Mama Zipu aliacha kuutazama, akawa anatia fundo moja kila siku kwenye uzi mwekundu aliouficha mfukoni mwa aproni, Jumapili akatia nyumbani. Kila akienda chooni alijikagua, akitafuta tone. Wapo wanaoogopa damu, na hapo palikuwa na mwanamke mtu mzima anayeisubiri kama mgeni aliyekwama njiani. Matiti yakaanza kuuma. Akajiambia ni vidonge. Harufu ya mafuta ya mashine ikamgeuka. Akajiambia ni mafuta mapya. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, na kila jibu lilizidi kuwa jembamba.

Mumewe aliona fundo. "Hiyo nini?"

"Naongeza uzi."

Siku ya kipimo, Jumapili asubuhi, ilitoka mistari miwili. Wa pili ulikuwa wazi kabisa, si ule wa kuinua kwenye mwanga na kubishana nao. Aliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea hadi kitindamimba akagonga mlango anataka kukojoa.

Jumatatu akaenda kliniki. Nesi alikuwa mchovu lakini mwema. Akamuuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mazoea yakamtoka mdomoni kabla hajayazuia.

"Siku ya kwanza ya oda ya walinzi."

"Ya nini?"

Akataja tarehe. Nesi akazungusha gurudumu lake la karatasi. "Wiki tano kamili." Akamvalisha kitambaa cha presha mkononi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Alipokivua hakutaja namba. Aliandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa Jumatano, akaipigia mstari mara mbili.

"Watanitoa?" Mama Zipu aliuliza. Alimaanisha yeye, si mimba.

Nesi alielewa. "Watajitahidi. Kuna dawa za presha, kuna za kupunguza hatari ya kifafa. Watakaa na wewe wapime kila kitu, na watakwambia njia zote ulizonazo. Ila iliyokupata safari ile inaweza kujirudia, mama. Siwezi kukwambia haitajirudia."

*

Nyumbani, Fundi Baridi aliisoma barua amesimama, bisibisi ikiwa bado sikioni. Aliisoma hadi mwisho, akarudi juu, akakwama.

"Wiki tano."

"Ndiyo."

"Mimi wiki tano zilizopita nilikuwa kwenye nyama." Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na baridi kweli. "Nimerudi, tangu nirudi ni wiki tatu. Hizo mbili ni za nani?"

Hakuwahi kuwaza hilo. Katika mambo yote aliyoyaogopa, hilo halikuwemo. Alitamani kucheka, kwa kuwa mtu yeyote angecheka: kiwanda hakihesabu Jumapili, kliniki inahesabu wiki mbili ambazo mtoto hakuwepo hata kwa mawazo, na mumewe anahesabu kuanzia alipovua viatu. Watu watatu, hesabu tatu, tumbo moja.

"Wanaanzia kwenye damu," alisema. "Siyo kwenye kitanda. Hawajui siku ya kitanda, ndiyo maana wanaanzia kwenye damu. Muulize nesi."

Aliuliza kweli. Alikwenda kesho yake amevaa ovaroli, akasimama kwenye foleni ya wajawazito peke yake mwenye ndevu, akauliza. Akarudi akakaa nje kwenye ngazi, hakuingia hadi chakula kikapoa.

Jumatano hospitali kubwa walimpima, wakampa dawa za presha na tarehe ya kurudi. Kiwandani, barua yao ilimfikia meneja, naye akataka kujua tarehe ya kujifungua ili apange watu. Akaisoma, akasimama mbele ya orodha ya oda za mwaka, akapitisha kidole. Oda ya shule, oda ya hoteli, oda ya wapishi. "Hapa," alisema, akagonga. "Oda ya manesi. Siku ya kumi hivi."

"Umetoa Jumapili?" Mama Zipu aliuliza.

"Natoa siku zote."

Hakumsahihisha. Mashine zilikuwa zimepunguza sauti. Bi Tepu alikuwa amechuchumaa chini ya ubao na kitambaa chenye mafuta ya taa, anasugua namba zake ukutani. Rangi ya mafuta ni kitu kibaya. Nane ilitoka nusu, saba haikutoka kabisa, na neno sawa lilibaki pale limepauka, unaweza kulisoma ukikaa mashine ya tatu kutoka dirishani.

"Ilikuwa ya semina," Bi Tepu alisema bila kugeuka. "Wao ndio walituambia."

"Najua, shoga."

"Mimi niliandika tu."

"Najua."

Alikaa, akavuta kaptula ya kahawia, akatia zipu, akaipandisha na kuishusha kuona kama inakwama. Haikukwama. Akaichukua nyingine. Kabla hata hajajifungua, kama atafika huko, kutakuja gauni za manesi, zipu ndefu ya mgongoni. Alijua atazishona zote mwenyewe, na kwamba mmoja kati ya hao watakaomwinamia siku hiyo atakuwa amefungwa mgongo na mkono wake. Alitafuta kama jambo hilo linampa faraja yoyote. Halikumpa.

Jumapili, saa tisa alasiri, watoto walikuwa kwa shangazi yao. Pazia lilikuwa limeshushwa. Waliketi wote wawili ukingoni mwa kitanda wamevaa nguo zao zote, hata viatu, na feni ikakwaruza. Fundi Baridi alinyoosha mkono, akavuta uzi mwekundu kutoka kwenye aproni iliyoning'inia kwenye kitasa, akaupitisha kati ya vidole vyake taratibu, fundo hadi fundo, kama anayetafuta mahali gesi inapovuja.

"Ni ngapi sasa?"

"Wiki tano na siku sita."

"Umehesabu na leo?"

"Nimehesabu na leo."